Makovu ya Chunusi Usoni: Sindano Ipi kwa Kovu Lipi

Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali bila kuchomwa sindano, hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, watu humuuliza: sasa walikufanyia nini? Vidonge vina heshima ndogo, dawa ya kupaka ina heshima ndogo zaidi, na sindano ndiyo inayohesabiwa kuwa tiba kamili. Kwa hiyo kijana aliyebaki na makovu ya chunusi, akisikia kwamba siku hizi kuna sindano za uso, hahitaji kushawishiwa. Anauliza bei na mahali. Swali la dawa iliyomo ndani ya bomba huja mwisho, na mara nyingi haliji kabisa.

Lingepaswa kutangulia. Sindano inayojulikana zaidi kwa makovu ina dawa inayopunguza nyama ya ngozi. Kovu lililoinuka hushuka kwa dawa hiyo. Kovu lililobonyea likichomwa dawa hiyohiyo, shimo huongezeka kina. Na doa jeusi ambalo halina shimo wala uvimbe, likichomwa, linaweza kugeuka baka jeupe ambalo kwenye ngozi yetu nyeusi huonekana toka mbali. Kabla ya kutafuta mtu wa kukuchoma, jua kwanza uso wako una nini.

Pima mwenyewe kwa kioo na kidole

Simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukikujia ubavuni. Mwanga wa mbele, kama ule wa simu, huficha mabonde. Fumba macho upitishe kidole polepole juu ya alama zako. Kidole kisipohisi kitu, yaani ngozi ni laini na tofauti ni ya rangi tu, hilo si kovu. Ni doa lililoachwa na uvimbe wa chunusi: ngozi ilipokuwa inauma ilitoa rangi nyingi, na rangi hiyo imebaki. Wengi wanaolalamika kwamba uso wao umejaa makovu, ukiwatazama vizuri, wana madoa ya namna hii. Hawahitaji sindano yoyote. Doa hufifia lenyewe kwa miezi, wakati mwingine hupita mwaka, mradi chunusi mpya zisiongezeke na jua lisilichochee.

Jua la ziwani si la kudharauliwa. Wanawake wanaoanika ndagala ufukweni hukaa juani tangu asubuhi, na uso wenye madoa ukikaa juani hivyo kila siku, madoa hayafifii hata ukipaka nini. Kofia yenye ukingo mpana inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kitenge kichwani kinafunika nywele tu. Mafuta ya kuzuia jua yenye kipimo cha 30 au zaidi ni mazuri kwa anayeyamudu. Yale yenye rangi ya kahawia yanafaa zaidi kwa madoa ya ngozi nyeusi, kwa sababu rangi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao nao unakoleza doa.

Kidole kikikuta mlima, una kovu lililoinuka. Mlima ukibaki palepale chunusi ilipokuwa, ni kovu nene la kawaida, na linaweza kupungua lenyewe kadiri muda unavyopita. Ukivuka mpaka wa kidonda cha kwanza, ukakua, ukawasha au kuuma, hiyo ni keloidi. Mahali pake pa kupenda ni taya, kidevu, ndewe ya sikio, kifua na mabega. Vijana wengine huota vinundu vigumu kisogoni, pale mashine ya kinyozi inapopita. Hivyo navyo vinakaribiana na keloidi, ingawa chanzo chake ni vinyweleo vilivyovimba. Anayeviota aache kunyoa mpaka kwenye ngozi kabla hajafikiria dawa.

Kidole kikitumbukia, una kovu la shimo, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mwaka 2001 madaktari wa ngozi wa Marekani waliyagawa mashimo haya mafungu matatu, na mgawanyo huo unatumika hadi leo. Kuna matundu membamba yasiyofika milimita mbili kwa upana lakini marefu kwenda chini, utadhani ngozi ilitobolewa kwa msumari. Kuna mashimo mapana yenye kingo zilizosimama, milimita mbili hadi nne hivi. Na kuna mabonde yenye kingo laini, mapana kuliko hayo, yanayofanya shavu lionekane lina mawimbi. Vuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Bonde likipotea unapovuta, una nafasi nzuri ya kusaidiwa na sindano. Tundu jembamba halipotei hata ukivuta, na hilo halijazwi kwa sindano. Hutibiwa kwa njia nyingine, kwa mfano kukatwa na kushonwa, au kutiwa asidi kali kwa ncha ya kijiti.

Uso mmoja unaweza kuwa na vyote: madoa kwenye paji, mabonde mashavuni, keloidi moja kwenye taya. Daktari anayekuahidi sindano ya aina moja kwa uso mzima hajakutazama.

Kovu lililoinuka

Dawa yake kuu ni triamsinoloni, aina ya steroidi. Kwenye famasi zinazofuata majina ya Kifaransa utaiona kwa jina la Kenacort, na kichupa chake huwa na miligramu 40 kwa kila mililita. Namba hiyo ikumbuke, maana madhara mengi yanaanzia hapo. Kwa keloidi nene ya kifuani daktari anaweza kutumia dawa kali kiasi hicho. Usoni huanza chini, mara nyingi miligramu 10 kwa mililita, akapandisha akiona haja. Na kwa chunusi kubwa iliyovimba, ambayo bado ni chunusi na si kovu, kipimo ni kidogo zaidi: miligramu 2.5 hivi kwa mililita, tena tone tu, sehemu ya kumi ya mililita au pungufu. Dawa ya 40 ikitiwa shavuni bila kuzimuliwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, chunusi itanyauka kweli ndani ya siku chache, na baada ya wiki chache mwenye uso atagundua kwamba pamenyauka zaidi ya chunusi.

Sindano ya keloidi inauma. Kovu ni gumu, dawa haiingii kirahisi, na anayechoma lazima asukume kwa nguvu kwa bomba dogo la mililita moja na sindano nyembamba. Barafu kabla ya kuchoma, au lidokeni iliyochanganywa na dawa, hupunguza maumivu. Dawa inatakiwa ibaki ndani ya kovu lenyewe. Ikipita chini yake, inakula mafuta ya ngozi iliyo nzima, ikivuja pembeni inaacha mabaka meupe. Mabaka hayo kwa kawaida hurudi rangi, lakini huchukua miezi.

Mara moja haitoshi. Huchomwa kila baada ya wiki nne hadi sita, na wengi huhitaji mara kadhaa. Kinachotangulia kupungua ni muwasho, kisha kovu linalainika, kisha linashuka. Ukiona muwasho umekwisha lakini kovu bado lipo, usikate tamaa mapema. Na likishuka likawa sawa na ngozi, acheni. Kuendelea kuchoma kovu lililokwisha shuka ndiko kunakochimba shimo.

Keloidi ikikataa, daktari wa ngozi anaweza kuongeza fluorourasili, dawa ya saratani inayozuia seli kuongezeka haraka. Watu hushtuka wakisikia jina saratani. Kiasi kinachotiwa kwenye kovu ni kidogo, na mchanganyiko wa dawa hizi mbili umefaa keloidi nyingi zilizoshindikana kwa moja. Ila mwenye mimba au anayenyonyesha asiguswe nayo, na mwanamke anayeweza kushika mimba aulizwe kwanza. Asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Je, kukata? Keloidi iliyokatwa peke yake, bila sindano za kufuatia wala tiba nyingine, hurudi mara nyingi, na inaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Mtu akikuambia atakutoa keloidi ya taya kwa wembe siku moja na kukufunga bendeji, mshukuru uondoke.

Kuna kundi moja ambalo lazima liseme jambo kabla ya sindano hii, hata kama lina haya ya kulisema. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri au kobisistati hatakiwi kuchomwa triamsinoloni bila daktari wake kujua. Dawa hizo huzuia ini kuiondoa steroidi mwilini. Kiasi kidogo kilichotiwa kwenye kovu hujikusanya, uso unavimba, sukari inapanda, na tezi zinazotengeneza steroidi ya asili zinalala usingizi. Wanaotumia vidonge vya siku hizi vyenye dolutegraviri bila ritonaviri hawana tatizo hilo. Huna haja ya kueleza maisha yako yote. Onyesha kichupa cha dawa zako, daktari ataelewa. Mwenye kisukari naye aseme, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Wanawake wajue kwamba hedhi inaweza kubadilika mwezi huo, wasidhani ni ugonjwa mwingine.

Na jambo dogo la famasi: ampuli ya deksametazoni, ambayo haikosekani karibu popote, haichukui nafasi ya triamsinoloni. Zote ni steroidi, lakini ile ya kwanza huyeyuka na kuondoka haraka, wakati triamsinoloni ya sindano imetengenezwa ikae mahali ilipotiwa kwa wiki.

Kovu la shimo

Sindano ya kwanza kwa mabonde ya mashavuni haina dawa yoyote ndani yake. Chini ya bonde kuna nyuzi ngumu za kovu zilizoivuta ngozi na kuifunga chini, kama godoro lililoshonwa kwa vifungo. Daktari hutia ganzi, huingiza sindano nene yenye makali sambamba na ngozi, huisogeza huku na huku na kuzikata nyuzi hizo. Ngozi ikifunguliwa hupanda. Damu inayojikusanya chini yake hugeuka kuwa nyama mpya kidogo, na hiyo inasaidia kuzuia nyuzi zisijifunge tena. Njia hii ilielezwa kwa jina lake la kitaalamu mwaka 1995 na madaktari wawili wa New York, na ni miongoni mwa tiba za makovu zisizodai mashine wala dawa ya bei kubwa. Inadai mkono uliofundishwa. Karibu na sikio na taya hupita mishipa ya fahamu inayosogeza mdomo na uso, na anayekata bila kuijua anaweza kuacha mdomo ulioenda upande.

Baada yake uso huvimba na kuvilia damu kwa wiki moja au mbili. Ukiwa na arusi wiki ijayo, subiri. Mara nyingi hurudiwa baada ya mwezi au zaidi. Na kama wewe au ndugu zako huota keloidi, mwambie daktari kabla hajaanza, maana kila jeraha kwako ni hatari ya kuota kovu lingine.

Sindano ya pili ni ya kujaza. Inayotumika zaidi ni asidi ya hialuroni, kitu kama jeli ambacho kwa asili kipo ndani ya ngozi. Hutiwa chini ya bonde likainuka papo hapo, na hudumu miezi sita hadi mwaka na zaidi kidogo, kisha mwili unaimaliza. Ndiyo kusema ni gharama inayorudi. Kuna ya kudumu pia, iliyotengenezwa kwa chembe za plastiki, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali kwa makovu ya chunusi ya mashavuni mwaka 2014. Ya kudumu ina maana ya kwamba hata kosa lake linadumu.

Hatari ya kujaza ni kubwa kuliko ya sindano nyingine zote zilizotajwa hapa, ingawa haitokei mara nyingi. Jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi inayolishwa na mshipa huo hufa. Ikifika kwenye mishipa ya jicho, jicho hupofuka, na upofu huo mara nyingi haurudishwi. Dalili huanza palepale au ndani ya saa chache: maumivu makali, ngozi kugeuka nyeupe au kuwa na michirizi ya zambarau kama wavu, macho kutoona vizuri. Dawa ya kuyeyusha jeli ipo, inaitwa hialuronidazi, na inatakiwa itiwe haraka. Maoni yangu ni kwamba mahali pasipo na hialuronidazi chumbani, si kwenye mji wa jirani wala kwenye oda iliyotumwa Lubumbashi, jeli isichomwe. Muulize anayechoma akuonyeshe kichupa. Akicheka swali lako, umepata jibu.

Silikoni ya maji, mafuta, na vimiminika visivyo na jina vinavyopitishwa kwa siri kwa ajili ya makalio na mashavu, hivyo havina nafasi kwenye uso wa mtu. Havitoki tena, na vinaweza kuleta vinundu na usaha hata miaka baadaye.

Njia ya tatu hutumia damu yako mwenyewe. Hutolewa mililita kumi au ishirini, huzungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zitengane, kisha yale maji ya njano yenye chembe za kugandisha damu huchomwa kwenye makovu, au hupakwa ngozi ikiwa imetobolewa kwa vijisindano vingi vidogo. Faida ipo, lakini ni ya kiasi, na kazi kubwa inaonekana kufanywa na vijisindano vyenyewe. Kwa ngozi nyeusi vijisindano vina sifa nzuri: huacha madoa machache kuliko miali ya leza. Ukilazimika kuchagua kwa sababu ya pesa, chukua vijisindano uache damu.

Bomba, kichupa na mikono

Damu inanifikisha kwenye jambo ambalo Mkongomani hahitaji kufundishwa na mgeni. Mwaka 1976, kwenye hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, wauguzi walikuwa wakipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Mlipuko ule wa Ebola, wa kwanza kujulikana nchini, ulipata watu 318 na kuua 280, na sindano zile zilikuwa njia kuu ya kuusambaza mwanzoni.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani na ya msituni. Basi tazama Marekani. Saluni moja ya urembo mjini Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, isiyokuwa na leseni, ilikuwa ikiwafanyia wateja tiba hiyo ya damu na vijisindano. Ilifungwa mwaka 2018 baada ya mteja kukutwa na VVU. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitangaza kwamba wateja watatu walikuwa wameambukizwa kwa njia hiyo, na walipokagua pale walikuta vifaa vya kutumiwa mara moja vikirudiwa na mirija ya damu isiyo na majina ikiwa jikoni pamoja na chakula. VVU, homa ya ini ya B na ya C, zote hupita kwenye sindano bila kujali saluni ina marumaru au sakafu ya udongo.

Kwa hiyo tazama kwa macho yako. Bomba na sindano vitoke kwenye karatasi iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako. Kifuniko cha kichupa kifutwe kwa alkoholi kabla sindano haijaingia. Kichupa kinachotumika kwa watu wengi ni hatari kama kiliwahi kuingizwa sindano iliyokwisha mgusa mtu, hata ukiona bomba lako ni jipya. Omba kichupa kipya, na ukilipa bei ya kichupa kizima ili kifunguliwe kwa ajili yako, umelipa vizuri. Vijisindano navyo visirudiwe, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Chanjo ya homa ya ini ya B ipo, na anayepanga sindano nyingi afikirie kuipata mapema.

Kuuliza si kumkosea mtu adabu. "Daktari, hii ni dawa gani? Ni miligramu ngapi kwa mililita? Umeizimua kwa nini?" Munganga aliyesoma atajibu kwa furaha, maana ni wagonjwa wachache wanaomuuliza.

Chunusi kwanza

Hakuna daktari makini atakayetibu makovu wakati chunusi bado zinatoka. Atakuwa anaziba shimo moja huku matatu yanachimbwa. Na kwa vijana wengi wa Kalemie, sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu inapatikana karibu na ni rahisi.

Benzoili peroksidi imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani; tafuta ya asilimia 2.5 au 5. Inapakwa usiku, kidogo, na hutoa rangi kwenye nguo, kwa hiyo tumia foronya nyeupe. Adapaleni ya kupaka usiku huzuia matundu ya ngozi yasizibe, na pia hufifisha madoa polepole. Haifai kwa mwenye mimba. Chunusi zikiwa nyingi na zenye usaha, daktari huongeza doksisiklini ya kumeza. Kalemie inaijua sana dawa hiyo kwa sababu ya kipindupindu, ambako dozi moja inatosha. Kwa chunusi ni kidonge kila siku kwa miezi isiyozidi mitatu hivi, pamoja na benzoili peroksidi ili vijidudu visizoee. Kinywe na maji mengi, usilale mara baada ya kukimeza, ukae mbali na jua kali. Mjamzito na mtoto chini ya miaka minane wasipewe.

Chunusi nzito zinazoacha mashimo kila mwezi zina dawa yake, isotretinoini. Ni dawa kubwa. Ikitumiwa na mwanamke mwenye mimba huharibu mtoto tumboni vibaya sana, ndiyo maana huhitaji vipimo vya mimba, uzazi wa mpango wa uhakika tangu mwezi mmoja kabla mpaka mwezi mmoja baada, na damu kupimwa. Kuinunua mkononi mwa mtu sokoni ni kosa lisilosameheka.

Halafu kuna mafuta ya kujichubua. Mengi yana betametazoni au klobetazoli, steroidi zilezile za ukoo wa dawa ya keloidi, na mengine yana haidrokinoni au hata zebaki. Steroidi ya kupakwa kila siku huleta chunusi zake, ndogondogo, zote za umri mmoja, mashavuni na kidevuni. Mtu akiziona anaongeza mafuta, maana siku mbili za kwanza zinapoa. Akiacha ghafla, uso unawaka. Anayetaka kutoka kwenye mtego huo afanye hivyo akiwa na daktari, apunguze taratibu, na ajue kwamba wiki za mwanzo zitakuwa mbaya kabla hazijawa nzuri. Kwenye ngozi iliyochubuliwa miaka mingi, sindano ya triamsinoloni inaongeza wembamba juu ya wembamba.

Dawa ya meno, ndimu, javeli, sabuni ya unga: hivyo vyote huunguza, na ngozi nyeusi iliyounguzwa huacha doa.

Kwenda wapi, na kupanga pesa

Anza Kalemie kwenyewe, kwa daktari wa Hospitali Kuu ya Rejea au kituo cha afya unachokiamini. Mpe historia yako, onyesha dawa na mafuta yote uliyotumia, hata yale unayoyaonea aibu. Chunusi zinaweza kutibiwa hapo, na daktari aliyezoea keloidi anaweza kuchoma triamsinoloni. Kukata nyuzi, kujaza jeli na kazi nyingine za mashimo ni za daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha. Kwa wengi huko ni Lubumbashi, kwenye Kliniki za Chuo Kikuu, au Kinshasa.

Wengine huvuka ziwa kwenda Tanzania. Kutoka Kigoma unaweza kufika Moshi, ambako kwenye hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika na kimezoea ngozi nyeusi. Ukienda, chukua pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na ukirudi, usirudi mikono mitupu: omba barua yenye jina la dawa, kipimo chake kwa tarakimu, idadi ya sindano zilizobaki na nafasi kati yake. Barua ya Moshi itakuwa ya Kiingereza na daktari wako wa Kalemie amesomea Kifaransa, lakini tarakimu na majina ya dawa wote wawili wanayasoma sawasawa. Kwa keloidi, barua hiyo inaweza kukuokolea safari tatu.

Usihesabu bei ya sindano moja. Hesabu mpango mzima: sindano nne au tano za mwezi kwa mwezi, nauli, malazi, na siku ambazo hutafanya kazi kwa sababu uso umevimba. Anayekutajia bei ya mara moja na kukuahidi uso laini kama wa mtoto hajakwambia hesabu. Makovu hupungua, hayafutiki. Kabla ya kuanza, jipige picha dirishani, saa ileile, upande uleule, kisha rudia kila baada ya miezi miwili, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko na kumbukumbu hudanganya.

Siku ya sindano nenda na uso msafi bila mafuta wala poda. Kama una chunusi yenye usaha au malengelenge ya mdomo mahali panapotakiwa kuchomwa, ahirisha. Aspirini na dawa za ukoo wa ibuprofeni ziache wiki moja kabla ya kukatwa nyuzi, isipokuwa daktari wa moyo ndiye aliyekuandikia. Jioni yake usikande, usikamue, usipake mafuta ya mitishamba. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida kesho yake. Wekundu na uvimbe mdogo ni vya kawaida. Maumivu yanayoongezeka siku ya pili au ya tatu, joto, usaha au homa, rudi ukaonekane siku hiyohiyo. Macho yakianza kuona ukungu baada ya jeli, usingoje asubuhi.